Kabla ya Kupiga Kelele, Ulizeni Hati

Mabati yalisimamishwa usiku. Waliotoka kwenda kuswali alfajiri ndio walioona wa kwanza: ukumbi wetu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, umezungushiwa uzio, pamoja na kiwanja cha mbele ambapo vijana hucheza mpira. Ukumbi wenyewe si wa kujivunia. Paa lina kutu na jukwaa la mbao limeliwa na mchwa. Lakini ndipo tunapokalia matanga, ndipo kina mama wanapohesabia fedha za akiba, na mwaka 2018 kwenye kiwanja hicho tulipanga foleni nyuma ya wagombea tukachagua mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa.

Tukapiga kelele. Mabango, redio, vijana na vuvuzela. Wiki tatu nzima. Mwekezaji aliyeweka mabati hayo hata hakutoka kwenye gari lake.

Mkutano wa nne, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akainua mkono: "Wanangu, hati yake mmeiona?" Kimya. Hakuna aliyekuwa ameiona. Tulikuwa tunapigania ardhi tusiyojua imeandikwa jina la nani.

Kesho yake watu wawili wakaenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja. Jibu lilitushangaza: jamaa hakuwa na hati yoyote. Alikuwa na maombi tu ya lizi, yaani kukodishiwa ardhi kwa miaka maalumu, nayo yalikuwa yanasubiri kikao cha bodi ya ardhi ya wilaya. Kwa kawaida lizi ya mjini huanza na miaka 5, na ukijenga ulichoahidi ndipo unaongezewa hadi 49. Huyu hata hiyo 5 hakuwa nayo. Mabati yalikuwa ya kututisha, nasi tukatishika.

Basi ukiona uzio mtaani kwako, anzia hapo. Andika pingamizi kabla bodi haijakaa, peleka nakala mbili, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni dhahabu. Ofisi moja ilituambia faili limepotea. Tulipoweka mezani barua yenye muhuri wao, pamoja na ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inayowapa siku 21 za kujibu, faili likapatikana kabla ya saa ya chakula.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuthibitisha kwamba ukumbi unatumika. Upande wa pili uliandika kuwa ni "jengo lililotelekezwa", na ukilitazama kutoka barabarani, ni kweli linafanana hivyo. Tukapita nyumba kwa nyumba. Bi harusi wa mwaka 1987 alitoa picha yake akiwa mbele ya mlango uleule. Kikundi cha akiba kilileta vitabu vyake. Mwalimu mmoja alikuwa na daftari la mahudhurio ya kisomo cha watu wazima, majina na tarehe, mistari imenyooka kama reli. Nakiri daftari lile lilifanya kazi kuliko hotuba zangu zote.

Barua tuliiandika kwa Kiswahili kwanza, kisha tukaambatanisha ya Kiingereza kwa ajili ya ofisi. Wako waliokunja uso, maana Uganda hii bado kuna wanaokiita Kiswahili lugha ya askari na ya wezi. Lakini mtaa huu una Wateso, Wajopadhola, Wasamia na Wanubi; tungeandika kwa lugha ya nani? Waliosomewa wakaelewa ndio waliotia kidole gumba bila kuuliza mara mbili.

Wakubwa wetu katika mambo haya wametuachia mifano. Mwaka 2011 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 kwenye kiwanja cha Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, watetezi wa urithi walikwenda mahakamani. Jumba la mwaka 1954 bado limesimama. Msitu wa Mabira, mwaka 2007, ulikuwa na mafunzo mawili. Watu walitumiana ujumbe wa simu wasusie sukari ya kampuni ya Wahindi iliyotaka kulima miwa humo, na mpango wa kukata hekta kama 7,100 ukawekwa kando. Lakini maandamano ya Kampala yaligeuka kuwapiga Wahindi, na watu walikufa. Kwetu pia zilianza kauli za "huyu si mtu wa hapa". Tukakubaliana kwamba anayeleta kabila kwenye mkutano anatolewa nje, na tukamtoa mmoja, tena jirani yangu. Hatujasalimiana vizuri hadi leo.

Fedha: weka daftari, soma matumizi mbele ya watu kila wiki, hata kama ni nauli ya boda tu. Sina zaidi.

Bodi ilikataa maombi yake. Mabati yaliondolewa, isipokuwa mawili ambayo sasa yanafunika choo cha ukumbi, na sitaki kuulizwa yalifikaje pale. Tumeomba ardhi iandikwe kwa jina la mtaa, jibu bado. Nakala za karatasi zote ziko sehemu tatu: kwa mwenyekiti, msikitini na kanisani. Ufunguo anao mama wa chapati anayeuza mlangoni, na Jumamosi kuna arusi, kwa hiyo vijana wanapaka chokaa.