Dada, usikaze tumbo, utaipoteza hiyo sauti

Wewe dada unayeuliza kama ulipie semina ya sauti au ujifunze kwa video, kwa sababu sauti inakwama ukisimama kuongoza mapambio na mwalimu wako anasema "kaza tumbo, sukuma": usisukume. Hata Jumapili moja.

Mimi naimba sauti ya kwanza kwaya ya usharika tangu sekondari. Akaja mtu anajiita mkufunzi wa sauti, akatupanga mstari, anatugonga tumbo kwa ngumi aone kama ni gumu. Likilegea, wewe ni mvivu wa maombi. Nikatii. Nikawa naimba mishipa ya shingo imesimama, taya limebana, na watu wananisifu nina upako. Ibada ikiisha sauti imekauka, Jumanne inarudi. Baadaye ikawa inarudi Alhamisi. Nikimwambia, jibu lake: kunywa yai bichi na tangawizi, endelea, sauti inakomaa.

Hili linanichoma mpaka leo. Unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa! Hiyo tangawizi ikizifikia, utapaliwa. Mtu anachukua hela za watu kufundisha sauti na hajui hata hilo.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera puani, nikaona mwenyewe kwenye skrini: vinundu viwili vinatazamana, pale pale nyuzi zinapogongana. Mwanamke akiongea tu kawaida, nyuzi zinagongana kama mara 200 kwa sekunde. Ukipanda juu kwenye wimbo ni mara nyingi zaidi, na mimi nilikuwa nazigonganisha kwa nguvu zangu zote. Pasaka ile sikuimba. Krismasi pia sikuimba.

Aliyenirudisha ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na koo hakuligusa kwanza. Alinilaza chali, magoti juu, akasema nisivute pumzi, niisubiri ije. Tumbo lilipolegea nikaanza kulia. Nilikuwa nimemwimbia mama yangu makaburini bila chozi, nimejikaza mwili mzima ili nimalize wimbo, na sikuwahi kujiachia tangu siku ile. Akanieleza: kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikishuka, matumbo yanahitaji nafasi mbele. Ukikaza, pumzi inaishia kifuani, mabega yanapanda, shingo inabeba kazi isiyo yake. Hofu inafanya hivyo hivyo, na huzuni iliyozuiwa pia. Kwa hiyo dada, kukwama mbele ya watu siyo lazima koo lako liwe bovu.

Yuko F. Matthias Alexander, mghani wa jukwaani aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869. Sauti ilikuwa inamkatikia akighani. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inakwisha tena. Akajitazama kwenye vioo akagundua kwamba kila akianza kughani anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koo na kunyonya hewa kwa mdomo. Shida ilikuwa namna anavyoutumia mwili mzima. Jitazame kwenye kioo ukianzisha pambio, utaona unachofanya.

Kabla ya kila mstari: legeza taya, legeza tumbo, iache pumzi iingie yenyewe, ndipo utoe sauti. Anza kwa kushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, "haaa", kisha "mmm" midomo imegusana kidogo, usikie mtetemo usoni. Wimbo baadaye. Mwalimu akisema husikiki, asogeze maikrofoni au apunguze kinanda. Na kunong'ona siyo kupumzisha sauti, wengi wanajibana zaidi wakinong'ona. Nyamaza kabisa.

Ikiwa sauti yako nayo imekauka zaidi ya wiki 4, semina na video zote weka pembeni, kapigwe kamera kwanza. Ukitema damu au chakula kikianza kukwama, usingoje hata hizo wiki.