Seli zinakufa kila siku, mbona hatupungui?

Mkuu, umeuliza mawili: kama seli zote za mwili zimetoka kwenye yai moja lililorutubishwa, inakuwaje moja iwe ya jicho na nyingine ya damu, na kama zinakufa kila siku, mbona hatupungui. Mimi ni mtu wa maabara, meza ya damu, mwaka wa 11 sasa, na mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Nitakujibu kwa chembe nyekundu, maana ndizo ninazoshinda nazo.

Wengi tulitoka shuleni tukiamini kwamba seli ya ini imebakiwa na jeni za ini tu. Sivyo. Karibu kila seli inazo zote, ila nyingi zimezimwa. John Gurdon wa Uingereza alilionyesha hilo mwaka 1962: alichukua kiini (sehemu ya seli inayotunza jeni) cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza kwenye yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa, na baadhi ya mayai hayo yakakua yakawa viluwiluwi kamili.

Chembe nyekundu huanzia kwenye uboho, ndani ya mfupa, kutoka seli shina ambayo ingeweza pia kuzaa chembe nyeupe au chembe sahani, zile za kugandisha damu. Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni ya erithropoetini, na uboho unaongeza kasi. Seli changa inajijaza himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kiini chake kinasinyaa hadi kuwa kitone cheusi, mwisho inakitema nje kabisa. Inabaki kifuko laini chenye upana wa mikroni 7 au 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kinachoweza kujikunja na kupenya kapilari, vile vishipa vidogo kabisa vya damu, nyembamba kuliko chenyewe.

Gharama yake ni kwamba bila kiini haiwezi tena kujikarabati. Utando unachakaa, unakakamaa, na ikifika siku ya 120 hivi inanaswa kwenye bandama au ini na kumezwa. Chuma chake kinarudi kutumika upya. Masalia mengine yanageuka bilirubini, ile rangi ya manjano, ambayo baadaye ndiyo inayokipa choo rangi yake ya kahawia. Wakati huohuo uboho unatoa mpya kama milioni 2 kila sekunde. Ndiyo maana hatupungui.

Mdogo wangu ana kosa la herufi moja tu kwenye jeni ya himoglobini, na chembe zake hudumu siku 10 hadi 20. Akiwa darasa la pili macho yalikuwa ya manjano, majirani wakamwambia mama ni ini, mtoto akanyweshwa mizizi mwezi mzima. Bado inaniuma. Miaka baadaye niliweka slaidi yake chini ya hadubini: chembe ndefu zilizochongoka ncha mbili, na katikati yake nyingine kubwa, zenye usamawati uliofifia. Hizo ni changa, zimetolewa kabla ya wakati. Chache zilikuwa bado na kiini ndani. Nilikaa pale muda mrefu. Ini halikuwa na kosa. Uboho wake ulikuwa unakimbizana na vifo. Kidonge cha foliki asidi anachomeza kila siku ni kwa ajili hiyo: seli haiwezi kugawanyika bila foleti, vitamini ambayo kidonge hicho kinaileta.

Kipo pia kifo cha kujipangia, apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie. Vidole vyako vilitengana tumboni kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilijimaliza zenyewe, na mkia wa kiluwiluwi hutoweka kwa njia hiyohiyo.

Na dada uliyeandika kwamba mwanao ana macho ya manjano na anachoka haraka: usimpe dawa yoyote ya ini kwa kubahatisha. Mpeleke apimwe picha kamili ya damu, hesabu ya chembe changa na selimundu. Kama ni mchanga wa siku chache, mpeleke leo hii, manjano ya umri huo ina sababu zake na haisubiri.