Kabla Hujapeleka Kiinua Mgongo Chako Baharini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayestaafu mwezi wa tisa. "Shikamoo mzee. Nimepata nyumba, hatua mia tu kutoka majini, kodi yake nusu ya hii ninayolipa mjini. Dalali anasema yupo mtu mwingine anaitaka. Nitoe arbuni?" Chini yake akaweka picha: bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni, anga bluu, mti mmoja umeinama.

Nilimjibu kwa neno moja: subiri. Naona halikumpendeza, maana ameshausoma na amenyamaza. Basi ngoja nimjibu kwa kirefu, na ninyi wengine mnaohesabu miezi iliyobaki kazini mkae karibu.

Huo mti nami niliwahi kuonyeshwa. Si ule ule, lakini kila dalali wa nyumba za ufukweni ana mti wake ulioinama.

Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 31. Daftari kwangu ni kama jembe kwa mkulima, na mwaka wangu wa mwisho kazini nililima usiku na mchana. Kodi, ada, umeme, nauli, dawa za mama mkwe ambaye tunakaa naye. Jibu lilikuwa lile lile kila nilipopiga hesabu: tukibaki mjini, akiba itakufa kabla yangu. Pensheni ikishapangwa imepangwa, bei hazina habari hiyo. Bei zikipanda kwa asilimia 6 tu kila mwaka, baada ya miaka 12 utanunua kitu kile kile kwa pesa maradufu. Kwa hiyo nikatafuta mahali pa bei nafuu, na kwa kuwa tangu utotoni nilipenda bahari, nikaipata sababu ya kuita tamaa yangu kuwa ni mpango.

Hesabu ile ilikuwa sahihi na mpaka leo naisimamia. Nilipokosea ni kwingine.

Niliwatangazia wakati wa chakula cha usiku. Naandika "niliwatangazia" kwa makusudi, kwa sababu sikuwauliza. Nilikuwa nimeshapanga mpaka siku ya lori. Mama mkwe akasema Mungu ni mwema, akaendelea kula. Mke wangu akaweka kijiko chini. Kitinda mimba wetu, wakati huo ana miaka 16, akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, wewe umestaafu. Sisi tumestaafu lini?"

Nilimkemea. Nilimwambia ana bahati, wenzake wanalipa pesa kwenda kuiona bahari kwa siku tatu, yeye ataamka nayo. Maneno mengi. Hakuna hata moja lililojibu swali lake, na sijalijibu hadi leo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "cherehani: inahamishika." Kweli ilihamishika, ilipanda lori na kushuka salama. Wateja wake wa miaka 20 hawakupanda lori. Mwanamke aliyekuwa na foleni ya watu kila mwisho wa mwezi alifika mahali ambapo hajulikani hata jina, akakaa miezi saba akishona mapazia ya nyumba yetu wenyewe, kisha akayafumua, akayashona upya. Ndugu yangu, ukisikia cherehani inalia usiku na unajua hakuna mteja, utajua ni nini kinashonwa.

Ya kufunga mizigo na safari siyasimulii, hayana jipya. Tuje kwenye nyumba.

Niliikagua mara moja tu. Dalali alinipeleka mchana, maji yako mbali, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga mkavu. Nikapima kwa hatua kutoka ukingo wa maji hadi getini, nikaridhika. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando yetu aliniuliza, "Mzee, umeangalia mwezi?" Nikadhani ni utani wa watu wa huko, nikacheka. Hakucheka.

Mwezi siku ile ulikuwa nusu. Wakati wa nusu mwezi mvuto wa jua na wa mwezi hausaidiani, kwa hiyo maji hayajai sana wala hayakupwi sana; ndiyo maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja, na hapo ndipo huja bamvua, maji yanayojaa sana na kukupwa sana. Tulihamia siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Usiku wa tatu nilisikia mbwa wa jirani anabweka bila kukoma, nikatoka na tochi. Maji yalikuwa yanalamba ngazi ya kwanza ya baraza. Niliopima mchana ule ulikuwa umbali wa siku ile tu. Mvuvi alinikuta asubuhi nachota mchanga barazani, akanisalimu vizuri tu, wala hakunikumbusha. Afadhali angenikumbusha.

Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba iko mbali kiasi gani na bahari, nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, ikiwezekana na upepo unavuma kutoka baharini kuja nchi kavu. Na nenda zaidi ya mara moja, kwa sababu saa za maji hazikai; kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa sita mchana ya wiki hii si saa sita ya wiki ijayo. Kama unataka kununua badala ya kupanga, ongeza na hili: usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na sasa unapanda kwa kasi zaidi kuliko zamani. Uliza wazee wa pale ufukwe ulikuwa wapi walipokuwa vijana. Watakuonyesha kwa kidole, na mara nyingi kidole kitaelekea majini.

Sasa kutu. Hili halikuwa na mstari katika daftari langu. Bawaba za geti zilikatika mwaka wa kwanza. Nondo za madirisha zikaanza kulia machozi ya rangi ya kahawia ukutani. Friji ikatoboka nyuma, feni ikakataa kuzunguka, redio yangu niliyoitunza miaka mingi ikanyamaza. Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na chuma chenye unyevu wa chumvi hakina muda mrefu. Mtu aliyepanga jirani yetu alimjengea mwenye nyumba chumba cha nyongeza kwa makubaliano ya kukatwa kwenye kodi, akatumia mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Mchanga ule una chumvi, chumvi ikazifikia nondo ndani ya zege, nondo zikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege likapasuka kutokea ndani. Fedha yake ikabaki pale ukutani, nyumba si yake.

Nilipokuja kujumlisha, kiasi kizuri cha ile nusu ya kodi niliyookoa kilikuwa kinalipwa kwa fundi. Bado nilikuwa nimepata faida, msinielewe vibaya. Ila ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoitangaza mezani kwa sauti kubwa.

Na maji. Hapa ndipo nilipotaka kujionyesha. Nyumba ilikuwa na kisima cha kuchota kwa ndoo, maji matamu kabisa, mama mkwe akiyasifia. Nikaona aibu mstaafu wa miaka 31 kuvuta kamba, nikanunua pampu kubwa. Kiangazi hakijafika katikati, chai ikaanza kuwa na chumvi. Karibu na bahari, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukigeuza hesabu hiyo utaona ubaya wake, kwamba ukishusha kidogo juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Ndoo ilikuwa inachota kwa adabu. Pampu yangu iliivuta bahari ndani ya kisima.

Mama mkwe ana shinikizo la damu. Amepunguza chumvi kwenye chakula kwa miaka kumi, halafu mkwe wake akamwekea kwenye maji ya kunywa. Usiku mmoja kichwa kilimuuma, ulimi ukawa mzito. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa. Kupata gari ilichukua dakika 40, njiani saa moja na nusu. Njia nzima mke wangu alimshika mama yake mkono na hakunisemesha. Mimi nilikuwa nahesabu, ndicho ninachojua, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Tulifika. Daktari akasema si kiharusi, ni shinikizo lililopanda. Akauliza maji tunayokunywa yanatoka wapi.

Nimesimulia hili ili msinitajie umbali wa hospitali kwa kilometa. Nitajieni kwa saa, usiku, mvua ikinyesha, na dereva akiwa ni mtu wa kuamshwa. Kama jibu linazidi saa mbili na nyumbani una mgonjwa, tafuta nyumba nyingine. Nilishangaa kukuta kwamba mji mdogo ulio kilometa chache kutoka ufukweni ulikuwa na hospitali nzuri, kodi ndogo zaidi, kutu kidogo, na bahari unaifikia kwa baiskeli. Sisi tulihamia huko mwaka wa pili. Dalali wa kwanza hakuwahi kunitajia kwa kuwa huko hakuna mti ulioinama.

Na huko ndiko mambo yalipotengemaa, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mke wangu alipata kibanda karibu na kituo cha magari, akaanza na kupunguza suruali, leo ana wasichana wawili anaowafundisha kazi. Mimi sina deni hata la duka. Wenzangu niliostaafu nao, wale walionicheka kwamba nimekwenda kuvua samaki, wawili wameshanipigia kuomba mkopo. Sikuwacheka. Labda kidogo, baada ya kukata simu.

Lakini sikilizeni, ninyi wanaume wenzangu hasa. Tuna tabia ya kudhani kiinua mgongo ni cha mgongo mmoja. Aliyekuamsha alfajiri miaka yote, akapiga pasi shati, akavumilia uhamisho ulipoletwa na mwajiri, naye alikuwa kazini. Mtoto aliyezoea shule yake naye ana maisha, hata kama hana mshahara. Ukirudi nyumbani na uamuzi uliokwisha kupigwa mhuri, usishangae wakikutii kwa miili yao tu. Kaeni chini, mpeane daftari, kila mtu aandike anachopoteza. Mimi nililishika daftari peke yangu, kwa hiyo liliandika hasara zangu tu. Panga kwanza, usinunue, na upange mwaka mzima ili uone msimu wa wageni kodi zinapopaa na msimu wa upweke maduka yanapofungwa. Usiuze cha mjini kabla mwaka huo haujaisha. Na yule dalali mwambie huyo mtu mwingine anayeitaka aichukue. Wangu naye alikuwa na mtu mwingine. Tangu nihame ile nyumba, imekaa miezi tisa bila mpangaji.

Msomaji wangu wa mwezi wa tisa, jibu lako ni hilo. Ila kabla hujahesabu hatua za kwenda majini, muulize mkeo, halafu nyamaza mpaka amalize.

Kitinda mimba wetu hakuja nasi. Alibaki mjini kwa shangazi yake amalize shule, na alipomaliza akaanza chuo huko huko. Chumba chake kipo, niling'ang'ania nyumba ya vyumba vinne kwa ajili hiyo, na kwa hesabu yangu amelala humo usiku 11 katika miaka mitatu. Jumapili alipiga simu, akaongea na mama yake, kisha akaniomba mimi, jambo ambalo si la kawaida. Alitaka kujua ni siku gani maji yatakupwa sana, ana rafiki zake wawili wanataka kutembea hadi kwenye fungu la mchanga. Nilimpa tarehe mbili, ya mwezi kuandama na ya mwezi mpevu, na saa zake. Hakusema atachagua ipi.

Mama yake ameshatoa godoro juani.