Bara tupu halichezeki

SWALI: Naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na rafiki zangu watano hapa Mwanza. Tunataka kuanza kampeni mpya, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi. Wahusika ni walowezi wanaokimbia vita kwao, wanavuka bahari na kufika bara ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga. Nimeliacha tupu makusudi, bila wenyeji, ili wachezaji wawe huru kujenga wanachotaka na mimi nikwepe mambo ya ukoloni. Ramani nimeshamaliza: mito, milima, hata miungu kumi na wawili. Naomba msaada kwa mawili. Nipigeje hesabu ya chakula bila kuwachosha wachezaji? Na je, ramani iliyogawanywa katika vyumba 2,000 vya pembe sita, kila kimoja kipande cha nchi, inatosha au niongeze? (Mwongozaji, Mwanza)

JIBU: Ramani inatosha, na imezidi. Weka kalamu chini. Walowezi wanaotembea na watoto, mbuzi na mizigo hawatavuka vyumba thelathini kuzunguka mahali waliposhukia kwa muda mrefu sana, na kila saa unayoipeleka kwenye milima ya upande wa pili wa bara unaiibia pwani ambako mchezo utakuwepo. Hesabu ya chakula nitakupa hapo chini. Lakini kuna jambo umelitaja kama limeshapita, kumbe ndilo litakaloiua kampeni yako: hilo bara tupu.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila anayeniandikia anaamini kwamba utupu ni uhuru. Fuatilia kinachotokea mezani. Kikao cha kwanza kinakwenda vizuri: wanachagua ghuba, wanaupa mto jina, wanabishana ghala likae wapi. Cha pili wanakata miti. Kufikia cha nne wanaanza kuangalia simu, kwa sababu lolote wanaloamua halina wa kulijibu. Wakijenga kaskazini, sawa. Wakijenga kusini, sawa vilevile. Uamuzi wa mchezaji huwa na uzito pale ambapo upo upande wa pili mtu wa kuufurahia, kuukasirikia au kuulipizia. Mwongozaji akishaona meza imepoa, anatupia zimwi. Wanaliua. Wiki inayofuata analeta zimwi kubwa zaidi, na kampeni ya walowezi imegeuka kuwa kampeni ya kuwinda mazimwi, jambo ambalo lingewezekana bila kuvuka bahari.

Na hilo la kukwepa ukoloni, ndugu yangu, hulikwepi hivyo. Walowezi wa kweli nao walisema nchi ni tupu. Ukiwaondoa wenyeji kwenye ramani umeikubali hadithi ileile kama walivyoisimulia wao.

Chukua Jamestown, makazi ya Waingereza kule Virginia. Walishuka Mei 1607, wanaume na wavulana wapatao 104, wakachagua kisiwa cha mtoni kwa sababu maji yalikuwa na kina cha kutosha meli kufungwa kwenye miti ya ukingoni, na kwa sababu hapakuwa na mtu. Kwa nini hapakuwa na mtu? Palikuwa kinamasi, na wakati wa kiangazi maji ya mto yaliingia chumvi. Watu waliokuwa chini ya mtawala Powhatan walikuwa na vijiji pande zote, na pale hawakukaa. Januari 1608 ilipofika, waliobaki hai kati ya wale wa kwanza walikuwa 38.

Hapo una somo la ubunifu la kukutosha kampeni nzima. Sehemu nzuri iliyo wazi ina sababu ya kuwa wazi, na wachezaji wataijua sababu hiyo wakiwa wameshajenga. Bila wenyeji, sababu hiyo haina anayeijua, na hakuna wa kumuuliza.

Plymouth, makazi mengine ya Waingereza kaskazini mwa Virginia, ni mfano mzuri zaidi kwa meza. Meli yao, Mayflower, ilifika mwishoni mwa 1620 na abiria 102. Walikuta mashamba yamekwisha kufyekwa, wakaona ni neema. Yalikuwa mashamba ya kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walimalizwa na maradhi kati ya 1616 na 1619. Karibu nusu ya walowezi wenyewe wakafa kabla baridi haijaisha. Kisha Machi 1621 akatoka msituni mtu mmoja, Samoset, akaingia kijijini mwao moja kwa moja na kuwasalimu kwa Kiingereza. Siku chache baadaye akaja Tisquantum, mzaliwa wa Patuxet. Huyu alitekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614, akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, na aliporudi kwao 1619 alikuta kijiji kizima kimekufa.

Weka tukio hilo mezani. Wachezaji wamekaa vikao viwili wakiamini wako mwisho wa dunia, halafu mgeni anatoka porini na kuwaamkia kwa lugha yao. Hakuna mchezaji atakayeangalia simu. Swali la kwanza litakuwa "umejifunzia wapi?", na jibu lake ni miezi ya mchezo.

Tazama pia kwamba kiongozi wa Wampanoag, wenyeji wa eneo hilo, aitwaye Ousamequin, alifanya mapatano na walowezi kwa hesabu zake. Maradhi yalikuwa yamewapunguza watu wake, ilhali majirani zake Wanarragansett walikuwa bado na nguvu, na alihitaji mshirika mwenye bunduki. Mwenyeji wa namna hiyo anachezeka. Mwenyeji mwenye hekima ya msituni anayegawa mahindi bure hachezeki, na yule anayevamia kijiji usiku bila sababu naye hachezeki.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayakuwa tofauti. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Wamasai, ndui na njaa vikafuata, na Wazungu waliopita Bonde la Ufa baadaye wakaona nyasi nzuri zisizo na mwenyewe. Wenyewe walikuwepo, wamepungua na kusogea. Mkataba wa 1904 ukawasukuma baadhi yao hadi Laikipia, wa 1911 ukawatoa hata huko.

Kwa hiyo kwenye hilo bara lako weka jamii tatu. Wanaweza kuwa watu, wanaweza kuwa viumbe wengine, hii ni dunia ya kubuni. Kwa kila jamii andika mambo matatu tu: mwaka huu wanataka nini, wanamhofia nani, na ile ghuba ya walowezi wao huitumia msimu gani. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Mfano: jamii ya wavuvi huja mlangoni mwa mto miezi miwili kwa mwaka kukausha samaki, kisha hupanda juu kwenye vilima. Walowezi wako wanafika wakati wenyewe wako vilimani. Wanakuta uwanja msafi, tambarare, karibu na maji, nao wanajenga ghala palepale. Kikao cha tatu, mitumbwi arobaini inashuka na mkondo, imejaa watoto na bibi zao. Hawarushi mshale. Wanashusha miti yao na kuanza kusimamisha chanja za samaki katikati ya nyumba za walowezi, kama wafanyavyo kila mwaka. Bibi mmoja anaweka chanja yake mlangoni mwa ghala na kuendelea na kazi. Waulize wachezaji wanafanya nini, kisha nyamaza.

Sasa chakula. Usihesabu mlo wa kila mtu, utawachosha kweli. Watu 100 kwa nusu kilo ya nafaka kila siku ni kilo 50, yaani magunia matano ya kilo 100 kila siku kumi. Chora magunia 60 kwenye karatasi moja iliyo katikati ya meza, na kila siku kumi za mchezo mchezaji mmoja akate matano kwa mkono wake. Yatakwisha siku ya 120. Mahindi yanahitaji kama miezi minne kukomaa, na walowezi wako wamefika msimu wa kupanda umeshapita. Lile pengo kati ya gunia la mwisho na mavuno ya kwanza ndilo kampeni. Litazibwa kwa kununua, kuomba, kuiba au kufa, na matatu ya mwanzo yanahitaji jirani.

Na bei isikae palepale. Jamestown walikuwa wakinunua mahindi kwa shaba, mpaka mabaharia wa meli za ugavi walipoanza kuiuza kisirisiri kwa bei ya chee na thamani yake ikaporomoka. Kwako iwe hivyo: kila mara bidhaa ileile inapopelekwa sokoni, inanunua gunia moja pungufu. Wachezaji watajifunza wenyewe kuuliza majirani wanahitaji nini.

Angalia pia uchawi. Michezo mingi ina kuhani anayeweza kuita chakula kutoka hewani, na makuhani wachache wanatosha kulisha kijiji na kuifuta karatasi yako ya magunia. Amua kabla ya kikao cha kwanza. Ushauri wangu: miungu yako kumi na wawili ni ya nchi ya kwao, basi nguvu zake zififie ng'ambo mpaka walowezi wakubaliane na mizimu ya pale. Tena mizimu hiyo ina watu wake.

Ukisisitiza bara liwe tupu kabisa, basi soma habari za Iceland. Walowezi kutoka Norwe walipoanza kukaa huko miaka ya 870 hawakukuta wenyeji wa kupigana nao, isipokuwa watawa wachache wa Kiayalandi kwa mujibu wa maandishi yao. Ugomvi ukawa wa wao kwa wao, mashamba na visasi vya koo, hadi wakaunda baraza lao, Althing, mwaka 930. Inachezeka, ila ni kampeni ya kesi na ukoo, na wachezaji wako lazima waitake hivyo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hukulianzisha wewe wazo hili la bara lisilo na watu wa kweli. Kuna watu wanauza "ulimwengu tayari", na kuna programu zinazotema bara zima kwa dakika tano, vijiji mia mbili vyenye majina ya kupendeza na jedwali la kurusha dadu ambamo wenyeji wameorodheshwa kati ya chui na mafuriko. Dadu ikitoa tisa, wamekushambulia. Waongozaji wachanga wanalipa hela zao, wanajaza daftari, na baada ya vikao vitano kundi linasambaratika, kisha wanajilaumu kwamba hawana kipaji. Kipaji wanacho, wameuziwa takataka. Yeyote anayekuambia ramani kubwa ndiyo maandalizi hajawahi kukaa na meza hiyohiyo mwaka mzima.

Kabla hujalipia kifurushi chochote cha bara jipya, omba kuona ukurasa wa wenyeji. Tafuta kama panasemwa wanakula nini, wanahama lini, wanamdai nani. Kama kuna idadi yao na nguvu zao za kupigana tu, rudisha pesa mfukoni, chukua karatasi, na uanze na wale wavuvi.