Usihesabu makosa tu, sikiliza mwendo wa mtoto anaposoma

Nimefundisha madarasa ya mwanzo kwa miaka mingi, na kauli inayonikera kuliko zote ni "mwache, akikua atasoma tu." Wapo wanaochelewa kidogo kisha wakafunguka, sikatai. Lakini mwenye disleksia haponi kwa kukua. Wenzake wanasoma kila siku, yeye anakwepa kila siku, na pengo linapanuka. Akifika madarasa ya kati ndipo watu wanashtuka, na hapo tatizo si kusoma peke yake tena, maana hata swali la hesabu limeandikwa kwa maneno.

Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi, unaotokana zaidi na namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Si ugonjwa wa macho, wala si upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mzuri wa hesabu lakini maneno mepesi yakimshinda. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo ndiye angekuwa na akili kuliko wote shuleni. Zaidi ya karne imepita, na bado nakuta ripoti za watoto wa namna hiyo zimeandikwa "hana bidii".

Sasa, ushauri mwingi kuhusu disleksia umetokana na Kiingereza, ambacho maandishi yake hayatabiriki, hivyo mtoto anaonekana mapema kwa wingi wa makosa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi anaweza kufika mwisho wa neno bila kukosea, ila kwa taabu kubwa. Mpe "hawakutuandikia". Atavuta ha-wa-ku-tu, atasimama, atarudi, na akifika "kia" kichwa cha neno kimeshampotea. Mwalimu anampa alama zote kwa sababu kasoma sahihi! Muulize sentensi inasema nini, hana jibu. Ndiyo maana nasikiliza mwendo kwanza. Kwenye imla pia naangalia kama anaendelea kuandika "kitada" badala ya "kitanda" wakati wenzake wameshaacha.

Kuna na wanaokariri. Hawa ni werevu na wanatudanganya vizuri. Mtoto anasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, huku macho yake yapo kwenye picha. Mimi hufunika picha, kisha naonyesha kwa kidole neno moja la katikati. Akianza kuusoma ukurasa upya kimoyomoyo ili alifikie lile neno, nimeshapata jibu.

Uchunguzi wa awali si mtihani wa kutisha na hauhitaji mashine. Kwa wadogo ambao hata herufi hawajazijua, ni mchezo wa mdomo: sema "kalamu" bila "ka", neno gani linaanza kama "simba", nitajie picha hizi za mstari mmoja upesi uwezavyo. Anayejikwaa kwenye sauti, na pia anachelewa kutaja vitu anavyovijua, huyo namweka karibu. Kwa walioanza kusoma, natumia maneno ya kubuni kama "zolumi", "pefaku", "ngefo", kwa sababu hayakaririki. Uingereza wana kipimo cha namna hiyo tangu 2012 kwa watoto wa miaka mitano na sita: maneno 40, nusu yake ya kubuni. Kipimo kile hakisemi nani ana disleksia, na changu vilevile. Kinaonyesha nani aanze kusaidiwa sasa.

Kabla ya yote, masikio na macho yapimwe. Na kama mtoto nyumbani anaongea lugha nyingine, mpime sauti kwa lugha hiyo, usije ukauita ugeni wa lugha disleksia.

Mzazi naye nina swali langu kwake: kuna mtu kwenu aliyesumbuka kusoma? Baba mmoja alikaa kimya mpaka mkewe akatoka nje kupokea simu, ndipo akasema, "Mwalimu, mimi mpaka leo nasoma kwa kubahatisha." Jibu hilo lina uzito, kwani disleksia hutembea kwenye ukoo, na mtoto wa mzazi mwenye hali hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo.

Msaada wenyewe hauna maajabu. Watoto watatu au wanne, dakika 20 hadi 30, kila siku, siyo Ijumaa tu. Sauti moja inafundishwa waziwazi, inaunganishwa na herufi yake, inaingia kwenye silabi, kisha kwenye maneno yenye sauti zilizokwisha fundishwa tu. Maneno marefu tunayakata vipande: hawaku-tu-andikia. Kifungu kilekile kinasomwa tena na tena mpaka kitiririke. Miwani ya rangi na karatasi za rangi za kufunika maandishi sizishauri; utafiti haujaonyesha kuwa zinaponya disleksia, na zinamla mzazi pesa. Kugeuza b na d nako pekee kusikutie hofu, watoto wengi wadogo hufanya hivyo.

Darasani, tafadhali, usimsimamishe kusoma mbele ya wenzake bila kumwandaa. Mpe kifungu jana yake. Somo la sayansi muulize kwa mdomo, utashangaa anayoyajua.

Usisubiri cheti cha mtaalamu ndipo uanze. Anza, na uwe na daftari: kila baada ya wiki chache andika tarehe, maneno mangapi amesoma sahihi kwa dakika moja, na sauti zipi bado zinamgomea. Ikiwa muhula umekwisha na idadi ya maneno haijapanda licha ya msaada wa kila siku, hapo mzazi apelekwe kwa mwalimu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu, na daftari aende nalo. Swali la kwanza atakaloulizwa ni mtoto amesaidiwa nini, na kwa muda gani.