Barua kwa mwanangu: ile Ijumaa mchana ya vijana wako

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, vijana wangu sita wa hapa dukani tunapochapa fulana na mabango wanaomba Ijumaa mchana iwe ya kwao, mmoja anataka kujifunza kutengeneza mashine, mwingine anataka akafundishe watoto kompyuta shule ya msingi, yule binti anataka kuchora michoro yake, sasa si nitakuwa nalipa watu wasiofanya kazi?" Hilo sio swali la kujibu kwa vidole kwenye wasap, ndo maana nakuandikia hivi, nivumilie ni ndefu.

Wape. Ila kama unajua utakuja kuwanyang'anya, bora usiwape kabisa.

Unakumbuka nilikusimulia nilikuwa nashona sare kwenye karakana fulani hapa Dodoma mjini, miaka ya 80 huko, kabla hujazaliwa. Mimi kazi yangu ilikuwa mifuko tu. Mifuko asubuhi, mifuko jioni, shati zima sijui linakatwaje. Msimamizi wetu alikuwa anatuachia kila Jumatano kuanzia saa nane mpaka saa kumi, vyerehani vile vile, vitambaa vya mabaki, kila mtu na lake. Mi nikachukua gazeti kuukuu nikaanza kukata patani, chaki mkononi, mkasi wenyewe butu, blauzi ya kwanza mkono wa kulia niliuweka nyuma mbele nikaifumua yote nikaanza upya Jumatano iliyofuata. Ukataji ule ndo uliokulipia ada, unajua hilo.

Afu akaja bosi mwingine. Hakuifuta Jumatano yetu, hapana, alisema tu wiki hii tuna oda kubwa, wiki ijayo. Na wiki ijayo akasema hivyo hivyo. Hakuna aliyegombana naye, watu waliacha tu kuuliza, wakarudi kushona mifuko kimya, na moyo wa kazi nao ukaondoka. Hiyo ndo inayonitisha kwako, maana mwezi wa nne Bunge la bajeti likianza mji unajaa mpaka mwezi wa sita, mabango, fulana, vitambulisho, kila mtu anataka jana, na hapo ndo utaanza kuitamani Ijumaa yao. Ikibidi kweli kweli ihamishe, andika kwenye ule ubao wa oda kwamba wiki hii ni Jumanne, wote waone. Usiifute.

Pesa najua ndo inakukosesha usingizi. Sheria ya ajira ya 2004 imeweka masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki. Ukitoa masaa mawili kwa watu sita ni masaa 12 kila wiki, yaani zaidi ya siku nzima ya mtu mmoja, sio kidogo na siwezi kukudanganya kwamba ni bure. Lakini mwezi uliopita mashine ya fulana ilipogoma ulikaa siku nne unasubiri fundi atoke Dar huku wateja wanakupigia simu, na kijana anayetaka kujifunza kuitengeneza amekaa hapo hapo mbele yako.

Na zile karatasi za njano za kunata unazouza hapo kaunta, kaka yako alinisomea habari zake nikashangaa. Kampuni ya 3M ya Marekani toka 1948 inawaachia watu wake asilimia 15 ya muda wa kazi wahangaike na mawazo yao wenyewe. Mwaka 1968 mtaalamu wao Spencer Silver akapata gundi dhaifu, inashika na kubanduka, ikakaa miaka haina kazi, mpaka mwenzake Art Fry, mwanakwaya kama mimi, akachoka na vikaratasi vyake vya alama kudondoka kila akifungua kitabu cha nyimbo, akaikumbuka ile gundi. Karatasi hizo zikaja kuuzwa Marekani nzima 1980. Ni miaka 12 hiyo mama'angu, kwa hiyo usije Ijumaa ya tatu ukawauliza faida iko wapi.

Huyo wa kufundisha watoto muache achague shule mwenyewe, wala usimpangie, na wengine usiwalazimishe kumfuata, ukimpangia mtu kujitolea hapo hajajitolea, ametumwa. Na aende kila wiki. Umeona mwenyewe hapa kwetu watu wanapanda miti mwezi wa kwanza mvua ikinyesha, wanapiga picha, wanaondoka, mwezi wa nane ukipita pale ni vijiti vikavu tu kwasababu hakuna aliyerudi na ndoo ya maji. Watoto nao ni hivyo hivyo.

Michoro ya binti ni yake. Ukiipenda ukataka kuichapa kwenye fulana za kuuza, kaeni chini kwanza mkubaliane atapata nini kwa kila fulana, muandikishane, kabla ya kuwasha mashine.

Anza Ijumaa hii, saa nane mpaka saa kumi, na wewe mwenyewe usikae pale kuwaangalia. Mwambie huyo binti akipenda aje nyumbani Jumapili baada ya ibada, patani zangu bado ziko kwenye lile sanduku la bati, nitamfundisha kukata.

Mama yako