Shangazi, Wenzangu wa Faya Wanasema Sisi Si Kwaya

SWALI: Habari Shangazi. Mimi ni mzima moto hapa Kisumu, shifti yetu tuko watu tisa. Tangu tuletewe watatu kutoka stesheni ingine hakuna maongea, kila mtu na simu yake, hata chai kila mtu anajipikia yake. Nikasema tuwe tunaimba pamoja, mmoja akacheka akaniuliza kwani sisi ni kwaya ya kanisa. Nimekosea? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hujakosea mwanangu, umeanzia pabaya tu. Mtu ametoka kwa moto usiku kucha halafu unamwambia "njooni tuimbe", si atakuona umechanganyikiwa! Lakini anzisha wimbo mkikunja ile hospaipu saa kumi na moja alfajiri, bado imebeba maji, nzito kama ng'ombe amegoma, uone nani ataitikia wa kwanza. Mimi nimekulia Dunga, hapo ufuoni mwa ziwa, wavuvi wakivuta mashua nchi kavu mmoja anaita wengine wanajibu, na mguu wa kila mtu unashika mchanga ule wakati wimbo unajibiwa, na hapo kuna wawili waligombana jana juu ya bei ya mbuta na saa hii wako bega kwa bega, hawajaombana msamaha wala nini.

Na si mambo ya Shangazi peke yake. Mwaka wa 2015 watafiti wa Oxford walichapisha utafiti wa watu wazima waliokuwa kwa madarasa miezi saba, wengine kuimba, wengine kazi za mikono au kuandika hadithi. Wa kuimba walizoeana haraka kushinda wengine, ila mwisho wa kozi wote walikuwa wamezoeana sawasawa. Kwa hivyo wimbo unawaharakisha kuzoeana, hiyo ingine mtajijengea wenyewe.

Chagua kitu kifupi cha kuita na kuitikia. Ukiwa na Mwisukha ama Mwidakho hapo, wale Waluhya wa Kakamega, muulize isukuti, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwimbishaji mbele, yeye hatahitaji kufunzwa. Nyimbo za dini ziache kwanza, kuna Msabato, kuna Mwislamu, kuna wa kwenda Krismasi pekee. Na hao watatu wageni wapewe kuimbisha, wasikae kuitikia wimbo wa wenyeji kila siku.

Lakini kwa moto wenyewe mnyamaze, mtu anaweza kuwa anaita ndani na nyinyi mnaimba. Mkitoka kwa moshi pia pumzisheni kifua kwanza. Na kama shida yenu ni marupurupu ama buti zimeisha, hiyo pelekeni kwa mkubwa, msijaribu kuiimbia.

Hiyo chai nayo, nunueni sufuria moja kubwa, sukari mchange. Yule aliyecheka, ana sauti nzito? Mpe besi.